Mfalme Aliyekataa Kusafiri

Habari ilitufikia Ibra, huku Omani, Ijumaa baada ya Alasiri, kwa simu ya nyumbani, na bibi yangu aliyeipokea hakusema kwamba mtu amefariki. Alisema, "Mfalme kenda." Wasomaji wangu wa siku zote, yaani mashangazi na mwalimu mmoja anayeisoma safu hii akitafuta sababu ya kuniadhibu, mnajua ni nani aliyeitwa hivyo. Kwa asiyejua: alikuwa mzee wa Izki, karani mstaafu, mwembamba kama mswaki, si ndugu yangu wala si jirani yangu, na kwa miaka miwili mimi nilikuwa mkewe. Tulieni, mashangazi. Katika mchezo wa kuigiza.

Mchezo wenyewe wa Kiingereza, ulitungwa zama za Malkia Victoria, nao unamhusu mfalme wao wa zama za nyuma zaidi, aliyekatwa kichwa na raia zake mwenyewe. Unguja ulifika kwa njia ya skuli: walimu wakautafsiri, wanafunzi wakaucheza, ukatembezwa mashamba mpaka Pemba, na mzee wetu, kijana wakati ule, ndiye aliyevaa taji. Mara ya mwisho kuchezwa kule ilikuwa Disemba ya sitini na tatu. Januari ikaingia na mapanga ya kweli, Sultani akaondoka kwa meli, na walionusurika wakawa wananong'ona kwamba mchezo ule ndio ulioyaita yale. Basi ulipofufuliwa huku Omani miaka ya tisini, ukazungushwa Nizwa, Ibra na Sur kwenye kumbi za harusi, wazee waliweka sharti moja: kichwa kisikatwe. Malkia akishamaliza kulia, mfalme anasema, "Mimi nasafiri," anatoka, na hapo hapo halwa inaingia na kahawa inamiminwa. Wako watu, nina hakika, walioukariri mchezo mzima kwa ajili ya halwa tu.

Mimi nilipewa umalkia kwa sababu sauti yangu ilichelewa kuwa nzito, na gauni la harusi la shangazi lilinikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye. Siku moja, garini, tukirudi Nizwa kwenye mazoezi, nikauliza, "Mzee, huyu mfalme kila siku anasafiri, anakwenda wapi? Dubai?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Figo zilikuwa zimeshaanza kumwangusha na uso wake ulikuwa rangi ya majivu. "Mfalme ana maneno yake ya mwisho," akasema. "Sijayatamka tangu kule. Wenzangu waliokuwa wakiyajua wote wamekufa. Na mimi nikenda nayo, yaani khalas, hakuna tena." Wazee wenzake waliokuwa garini wakatazama nje dirishani, kana kwamba kule jangwani kuna kitu cha kutazamwa.

Mara yake ya mwisho ilikuwa Sur, mtaa wa Aija, ng'ambo ya khori la bahari, katika ua wa nyumba moja ya kale ya wafanyabiashara. Nililia kilio changu cha kimalkia, nikangoja asafiri. Hakusafiri. Mwenye dele la kahawa, kwa mazoea, alikwishainuka anamimina, sahani za halwa zinapita, na mzee akapiga magoti, akavuta kreti la soda, akalaza shingo juu yake.

"Mzee," nikanong'ona, "umesahau?"

"Nyamaza, Malkia. Nimesahau miaka thelathini na zaidi. Inatosha."

Mmoja katika wazee akasimama. "Khalas, bwana! Inuka! Unatuitia nini tena?"

"Sikuita kitu mimi," akajibu, shingo bado iko kwenye kreti. "Na hamjaniacha nimalize hata mara moja."

Askari wetu, kijana wa benki aliyeubeba upanga wa mbao miaka yote bila ya kuutumia, hakujua afanye nini. Akatoa leso mfukoni, akainama amfunge macho. Hapo ndipo mfalme alipoyasema maneno yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Usinifunge. Nataka nimjue anayenikata."

Upanga haukushuka. Kijana aliulaza chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna aliyepiga makofi. Upande wa wanawake mmoja akasema, "Inna lillahi," wa pili akafuata, wa tatu, wakimlilia mtu aliyekuwa hai anapangusa magoti yake. Akaomba kahawa. Mmiminaji akaijaza hata ikamwagika. Halwa ikarudi jikoni haijaguswa, na katika Omani jambo hilo peke yake ni dalili ya Kiama.

Mwezi mwingine haukuandama, akafa. Kwenye aza ya rambirambi, pale Izki, niliyasikia niliyoyatarajia: umeona? Si tulisema? Daktari alitaja figo lakini hakuna aliyemuuliza daktari. Na mimi nikakaa nikifikiri kwamba hadithi zote tulizolelewa nazo ni kama mchezo ule. Unguja yao ina skuli, ina taarabu, ina mandari ya pwani, Disemba inafika, kisha: "basi, tukaja huku." Na sisi wajinga tunapokea kikombe.

Usiku wa matanga bibi alinikuta peke yangu. "Yale maneno yake usiyatamke ndani ya nyumba yangu," akaniambia. Nikasema, "Sawa, bibi." Hakuondoka. Akakaa. "Upande wetu wa wanawake, kule Sur, hatukusikia vizuri," akasema. "Hebu. Alisemaje?"

Nikamwambia. Akalishika goti langu.

"Kaka yangu alimjua aliyemkata," akasema.

Sikuwahi kuambiwa kwamba bibi alikuwa na kaka. Aliyoyasema baada ya hapo ni yake, hayatachapishwa humu. Nilichojifunza nakisema bila utani, kwa mara moja: msiba uliofichwa hauondoki nyumbani, unakaa na watoto na unawatazama wakikua. Waulizeni wazee wenu mwisho wa hadithi zao, wangali wapo. Lakini mjue kwamba jibu likishaanza, hamtaweza tena kuinuka mkaenda zenu.