Georgette wa Vidole Vitatu

Georgette alizaliwa Rugenge, hapa Uvira, mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Mkunga alimfunga kwenye kitenge, akamkabidhi kwa mama yake, Capitoline, bila kusema kitu. Aliyesema ni nyanya yake mtoto, mama mkwe wa Capitoline. Alisema sababu inajulikana: Capitoline alikula bawa la kuku akiwa na mimba.

Habari ya bawa ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na ndoa ya shemeji yake kule Lubarika, na Capitoline, tumbo limekwisha kuwa kubwa, alisimama jikoni tangu alfajiri akipikia wageni. Wanawake wa ukoo ule hawakula kuku, na mwenye mimba hakuthubutu hata kunusa mchuzi, maana ilisemwa mtoto huchukua umbo la kile mama yake alichokula. Sahani zilienda kwa wanaume zikarudi tupu. Capitoline akatoa bawa moja kwenye sufuria akalila nyuma ya jiko. Mama mkwe wake alimkuta na mifupa mkononi.

Kwa hiyo mtoto alipotoka na vidole vitatu, hakuna aliyebishana, hata Capitoline mwenyewe. Hakugusa kuku tena, akaacha na mayai, akawa anaomba msamaha kanisani kila Kwaresima. Alimshonea Georgette kifuko cha kitambaa cha kuvaa mkononi, na msichana akakua nacho. Alienda nacho sokoni, misani na shuleni. Watoto wa Rugenge walimwita Bawa. Aliitika, maana alikuwa hajapata jibu lingine.

Alikuwa mwaka wa nne wa sekondari wakati mwalimu wa biolojia, Pontien, alipofika kwenye somo la ndege. Pontien hakuwa mtu wa kuandika ubaoni tu. Nyumbani kwake alikuwa na kuku wanaoatamia, na siku hiyo alileta mayai ndani ya kikapu, mengine ya siku chache, mengine yaliyokaribia kuanguliwa. Akayavunja moja baada ya jingine kwenye sahani zenye maji ya chumvi, akawaita wanafunzi wasogee. Wengine walifunika pua. Msichana mmoja alitoka nje.

Katika sahani ya kwanza kulikuwa na kitu kidogo chenye jicho kubwa, na ubavuni mwake kimeota kinundu. Katika ya pili kinundu kile kilikuwa kimepanuka kama kijiko kidogo. Katika ya tatu kijiko kilikuwa kimechorwa mistari, na katika ya mwisho, kwa kioo cha kukuzia, ulikuwepo mkono mwembamba wenye vidole vitatu. Pontien aliwaambia kwamba bawa ni mkono tu, na mkono wa kuku unaanza kama wao wenyewe walivyoanza. Mwanzoni ndani ya yai hujitokeza dalili za vidole zaidi ya vitatu, lakini vya pembeni vinasimama njiani, havikui, vinapotea. Akasema tena kwamba zamani sana, kabla ndege hawajawa ndege, walikuwepo wanyama waliotembea kwa miguu miwili, wenye mikono ya kushika, na mifupa yao imekutwa ndani ya mawe. Wa kale zaidi walikuwa na vidole vitano, waliofuata wakabaki na vitatu. Wataalamu wakubwa wa dunia, alisema, bado wanabishana ni vitatu vipi. Wanaosoma mawe wanasema ni dole gumba na viwili vinavyofuata. Wanaosoma mayai wengi wanasema hapana, ni vile vya katikati.

Georgette alicheka peke yake. Wataalamu wa dunia wanabishana juu ya vidole vya kuku, na Rugenge nzima inajua vyake yeye vilitoka wapi.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

“Mwalimu, mukono ya mutu inatengenezwa wakati gani mu tumbo?”

“Mapema sana,” Pontien alisema. “Mwezi wa pili ukiisha, vidole vimekwisha kuachana. Wamama wengine hawajajua hata kama wako na mimba.”

“Na chakula mama anakula wakati tumbo imekwisha kuwa kubwa?”

“Kinamukomaza mutoto. Vidole havirudi nyuma.”

Georgette alimuuliza basi kwa nini yeye ana vitatu. Pontien alikiri kwamba hajui. Huenda jambo lilikuwa kwenye mbegu yenyewe, limetoka kwa mzee wa zamani ambaye hakuna anayemkumbuka, au limeanza na yeye. Akamwonya jambo moja: asikubali mtu amwambie kwamba ana mkono wa ndege. Kuku wote wana vitatu, ndio mwili wao. Vya Georgette ni vya mtu, na vimefuata njia yake.

Nyumbani alimkuta mama yake anasafisha ndagala.

“Mama, siku ya ile ndoa ya Lubarika, tumbo yako ilikuwa ya miezi ngapi?”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna mutu. Niambie tu.”

“Saba. Sikuweza hata kuinama.”

“Basi bawa ilikuta mukono yangu imeisha kutengenezwa zamani. Haukuniharibu, Mama. Ile siku nilikuwa tayari hivi.”

Capitoline alikasirika. Alimwambia asimletee maneno ya shule juu ya mambo ya wakubwa, akaendelea na samaki zake. Baadaye, bugali ukiwa mezani, alimwomba aanze tena kutoka mwanzo, polepole. Georgette akaeleza habari za sahani na kijiko na mistari. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu kwamba mama mkwe aliyestahili kuyasikia maneno haya amekwisha kufa. Hakula chochote.

Georgette alivua kifuko, akakitia kwenye makaa ya mbabula, kikawaka. Kesho yake alienda shuleni mkono wazi, na kila aliyemwita Bawa, Georgette alisimama mbele yake akamtaka ataje jina lake yeye la ubatizo, mpaka yule akalitamka.

Alipomaliza shule hakupata kazi, kama wengi wetu. Akaamua kuuza vitu kando ya barabara. Capitoline alimsihi auze benye za kukaanga, au ndagala, au hata mkaa. Georgette alichagua kuku wa kuchoma. Majirani tulisema anatafuta kusutwa. Yeye aliweka moto pale wanapopita watu wengi, akawa anageuza nyama kwa mkono uleule wa kushoto, makusudi. Majuma ya mwanzo watu walipita. Mteja mmoja alimwambia atanunua akimpakulia kwa mkono mwingine. Georgette alimjibu aende akanunue kwingine, na yule bwana akaenda kweli, na nyama ya siku ile ikaliwa na sisi wa jirani. Waliomwokoa ni wenye pikipiki. Mtu aliyeendesha tangu asubuhi kwenye vumbi la bonde hana muda wa kuhesabu vidole vya mpishi.

Mmoja wao alikuwa Berchmans, mtoto wa kule Nyakabere. Alianza kuja kwa ajili ya nyama, akaendelea kuja hata siku ambazo hakuna nyama. Walioana kanisani, na Georgette aliipokea pete kwenye kidole kimoja kati ya vile vitatu.

Mama yake Berchmans, Émérance, alimpokea vizuri mpaka mimba ilipoonekana. Ndipo akatuma neno kutoka Nyakabere: mkaza mwana afunge biashara, asiguse kuku wala yai mpaka azae. Georgette hakufunga. Walipoalikwa Nyakabere kwa ubatizo wa mtoto wa shemeji yake, wanawake walimpakulia maharage na sombe ya majani ya muhogo. Alinyanyuka, akaenda kwenye sahani ya wanaume, akachukua bawa, akarudi kukaa mahali pake, akalila taratibu mbele ya wote. Nasikia hata redio ilizimwa.

Irakoze alizaliwa mvua zinaanza. Ni msichana, ana afya, na mkono wake wa kuume una vidole vitatu.

Émérance alifika kwenye hospitali kabla Georgette hajaweza kukaa. Alimwangalia mtoto, akatoa leso kwenye mkoba, akaanza kuufunga ule mkono.

“Tulikuambia, mukaza mwanangu,” alisema.

Georgette aliitoa leso akamrudishia.

“Hapana kuku, Mama. Ni miye. Ametoka kwangu.”

“Na wa pili akizaliwa hivi?”

“Atazaliwa.”

Mwezi ule ule familia iliita kikao Nyakabere, Berchmans aelezwe kwamba mwanamke mkaidi anarudishwa kwao. Georgette hakuitwa, lakini alienda na mtoto mgongoni. Capitoline naye hakuitwa. Alipanda pikipiki kutoka Rugenge, yeye ambaye miaka yote alitembea macho chini, akaingia uani wakati Émérance anasimulia habari ya bawa. Hakungoja kupewa nafasi.

“Bawa nilikula miye,” alisema. “Nilikuwa na njaa. Nilipika tangu asubuhi, wanaume wakakula, miye nikakosa. Miaka yote namuomba Mungu musamaha juu ya njaa. Sitaomba tena. Na mutoto wangu hamutamufundisha kuomba.”

Baba mkwe wa Georgette, mzee Nsengiyumva, alisema hajasikia ukoo unaomrudisha mwanamke kwa sababu ya vidole. Akamuuliza mwanawe anasemaje. Berchmans alisema aliuona ule mkono siku ya kwanza aliponunua nyama, hakuna aliyemdanganya. Émérance alinyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango, na kikao kikaishia hapo bila mtu kukifunga.

Sitasema kwamba mambo yote yalinyooka. Émérance hajaja Rugenge mpaka leo, ingawa hutuma unga na kuuliza kama mtoto anakua. Wako watu wanaovuka barabara ili wasipite mbele ya moto wa Georgette. Irakoze ameanza shule ya watoto wadogo. Dada anayewafundisha alimfundisha kuficha mkono wakati wa kupiga picha, Georgette akaenda siku iliyofuata, akaomba picha ipigwe upya, ikapigwa upya.

Sasa ana mimba nyingine, tumbo limeshaonekana, na mtaa umeanza kubashiri. Anachoma kuku, na akisikia njaa anakula. Juzi jirani mmoja alikaa kando yake, akamuuliza kwa sauti ya huruma anatarajia nini safari hii.

“Mutoto,” Georgette alisema, akamuuliza kama anataka pilipili.