Gitaa la Mbao za Dawati

Nilikosa mimi. Naanza hapo ili msipoteze muda kunitetea.

Nilifika Nairobi nikiwa juu ya magunia ya mahindi, siku mbili nzima kutoka kwetu Vihiga, kwa sababu lori lilikufa mara tatu na dereva alikuwa na wake wawili njiani, kila mmoja lazima asalimiwe. Mapajani nilimshika kuku wa mjomba. Kuku alifika akiwa na hali nzuri kuliko yangu. Mjomba, fundi wa mbao pale Kambi Muru, Kibera, alimpokea kuku kwanza, halafu akaniuliza, "Na wewe ni mtoto wa nani?" Alijua vizuri sana. Ndivyo alivyokuwa.

Mjomba alikuwa ametengeneza madawati ya shule moja ya sekondari kule Kawangware, kwa hivyo mwalimu mkuu alinipokea bila maswali mengi. Kila asubuhi nilitembea kutoka Kibera hadi Kawangware na Oduor, jirani yetu, kijana mrefu mwenye masikio yaliyosikia kila kitu isipokuwa mwalimu.

Mama Oduor alikuwa akifua nguo za watu kule Ayany mchana, jioni anauza omena, dagaa wa ziwani. Siku moja mpangaji mmoja alihama akamwachia katoni ya kanda za muziki. Akatuletea. "Sikilizeni," akasema, "labda Kiingereza chenu kitapona."

Jamani! Tuliweka kanda kwenye redio ya mjomba, wakatoka wanaume wanaolia kama wamefungiwa chooni, na nyuma yao magitaa kama msumeno uliokutana na msumari. Mjomba alikuja mbio akidhani tumegusa vifaa vyake.

Muziki wa roki ulituingia siku hiyo na haukutoka. Kulikuwa na dawati lililovunjika, limerudishwa na shule litengenezwe. Oduor alichukua mbao zake, akakaza waya za breki za baiskeli, akafunga spika ya redio iliyokufa, akapata gitaa. Lilikuwa zito kama mlango. Lakini Oduor akiligusa, haki ya Mungu, nywele zilisimama!

Wimbo ulikuwa wangu. Ulihusu githeri ya shule, mahindi kwa maharagwe, ambayo ilikuwa na wadudu wengi kuliko maharagwe. Kiitikio kilisema, "Nipe mdudu, baki na haragwe!" Mara nane, kwa kupiga kelele. Na wazo la kuunganisha gitaa kwenye vipaza sauti vya paredi lilikuwa langu pia. Andikeni hilo.

"Buda, Pasi atatuua," Oduor alisema. Pasi tulimwita naibu wa mwalimu mkuu, kwa sababu mikunjo ya suruali yake ingekata mkate.

"Pasi amuue nani? Acha uoga. Wewe piga, mimi naimba."

Ijumaa, wakati wa chakula, tukapiga. Shule nzima ilipiga sahani na vijiko. Wapishi wawili walicheza! Pasi alikuja akikimbia, na kwa mara ya kwanza tuliona suruali yake imejikunja magotini.

Hakutuchapa. Hilo ndilo lililotutisha. Alichukua gitaa na kanda, akasema tusubiri Jumatano, siku ya maombi ya watahiniwa wa kidato cha nne. Sisi tulikuwa cha tatu.

Miaka ile kila mtu Nairobi alikuwa akiwatafuta waabudu shetani. Kila shule ilikuwa na habari za mtu aliyekwenda chini ya bahari akarudi na pete. Jumatano mhubiri mgeni akainua kanda yetu juu na kusema ukiicheza kinyumenyume inaita majina ya mashetani. Pasi akamalizia: atakayekuja mbele kutubu amesamehewa, atakayekaa kimya aende nyumbani kabisa.

Oduor alikuwa akitafuna kola ya shati. "Twende wote," akaninong'oneza. "Tuseme ilikuwa ni githeri tu."

Wazo zuri. Tukaenda. Mimi nikafika kwenye maikrofoni kwanza.

Nilisema tulipiga muziki mbaya. Watu wakasema amina, lakini ile ya kuombea chakula. Kama mmewahi kutoa ushuhuda mnajua: ushuhuda mdogo hupata amina ndogo. Na Pasi alikuwa bado ananitazama. Kwa hivyo nikaongeza. Kanda alinipa Oduor. Amina! Tuliicheza kinyumenyume. AMINA! Oduor akanipeleka chini ya bahari, tukakuta meza ndefu, tukala nyama ya mtu.

Mimi ambaye bahari sikuwa nimeiona hata kwenye kalenda!

Wasichana walipiga mayowe. Mtahiniwa mmoja alizimia. Mhubiri alinikumbatia akilia. Na Oduor alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni, anangoja zamu yake aseme githeri. Hawakumpa maikrofoni.

Gitaa lilichomwa pale uwanjani. Mjomba, aliyeitwa kama mzazi wangu, alilitazama likiungua akasema, "Hiyo sipresi ni yangu. Shetani alinunua mbao kwangu lini?" Hakuna aliyecheka. Oduor alifukuzwa alasiri ile ile. Mimi nikafanywa kiongozi wa maombi.

Na nikawa staa! Makanisa yaliniita, Kibera na Kawangware, Jumapili hadi Jumapili. Ushuhuda, halafu kuku na soda baridi. Niliboresha. Ile meza ya baharini ilirefuka, nikaiwekea vitambaa, nikaongeza ngazi za dhahabu. Uongo ni kama uji, ukiachwa jikoni unafura.

Mwaka ulipoanza mjomba aliniketisha juu ya benchi ambalo hajalimaliza. "Usajili wa mtihani unafungwa mwezi ujao," akasema. "Nenda kwa mwalimu mkuu umwambie ukweli. Yule kijana atarudishwa, atasajiliwa. Akikosa huu, hatapata mwingine. Mama yake hana nguvu za kuanza shule nyingine."

"Nitaenda Jumatatu, mjomba."

Wiki ina Jumatatu moja tu, lakini mimi nilizipata nyingi.

Jumapili ya mwisho kabla ya usajili kufungwa niliitwa kanisa moja la mabati hapo hapo Kambi Muru. Nilikuwa nimeshashika maikrofoni nilipomwona Mama Oduor, mstari wa pili, kitambaa cheupe kichwani. Ningeweza kusema naumwa na tumbo. Lakini watu walikuwa wameshaanza kuitikia. Nikaeleza yote, na ngazi za dhahabu.

Akasimama. Hakupaza sauti.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, vile alivyoniita siku zote, "umekula kwangu miaka mitatu. Kuna siku nilikupakulia mtu?"

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Kisha mchungaji akaruka, akanigeukia, "Pepo limehamia kwa mama! Ndugu, si kweli?"

Woi! Neno moja tu lilitakiwa. Hapana. Watoto wa miaka miwili wanalijua.

Nilisema, "Amina."

Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakamkemea pepo mpaka kitambaa chake kikaanguka sakafuni. Mimi nilipelekwa kula kuku. Nilikula.

Usajili ukafungwa.

Oduor nilimtafuta baada ya wiki kadhaa, nikamkuta kwenye mjengo mtaa wa Kongo, Kawangware, karai la zege begani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuomba msamaha. Aliweka karai chini, akafuta macho.

"Niaje, buda wa bahari."

Nikaanza kigugumizi. Akanikatiza. "Manze, uongo wote ule, hukupata nafasi ya ukweli mmoja? Ungesema tu nilipiga vizuri."

Akabeba karai lake akapanda ngazi. Pasi amenichapa mara nyingi. Hakuwahi kunifikia hapo.

Siku hizi nina miaka arobaini na kitu. Nimeishi Kitale, Mombasa, Juba, Arusha, na hakuna mahali nimemaliza miaka mitatu. Bahari nimeiona. Nimezama mpaka masikio yakauma. Hakuna meza. Na nikisikia gitaa likiunguruma kwenye kibanda chochote, nasimama kusikiliza kama ni la mbao za dawati.

Ninyi mnaopenda kwenda mbele ya watu: tubu dhambi yako, ya mwenzako mwachie mwenyewe. Ukipewa amina ndogo, ichukue uende nayo nyumbani.

Mwaka ule mimi nilifanya mtihani. Kesho yake nikafunga begi. Mjomba alikuwa akipiga randa; aliniambia nivute mlango, vumbi linamsumbua. Nilitaka kukwepa kibanda cha Mama Oduor, lakini mtaro una ubao mmoja tu wa kuvukia, na kibanda kiko mwisho wa ubao.

Aliniona. Akachota omena ya kukaanga, akaifunga kwenye gazeti, akaninyooshea.

"Chukua, safari ni ndefu," akasema. "Usiogope. Hii haikutoka chini ya bahari. Ni ya ziwa."

Nikapokea kwa mikono miwili. Sijarudi.