Hapigi Goti

Kaka yangu alirefuka mapema hivi kwamba mama hakuwahi kununua stuli. Balbu ikiungua, anaitwa yeye. Alipoanza mpira wa kikapu, mashabiki wakamwita Ngazi. Fainali yake ya mwisho aliicheza na goti lililovimba. Kocha alileta sindano ya ganzi, naye akacheza mpaka kipenga cha mwisho. Tangu siku hiyo uwanja mzima ukawa na wimbo mmoja: "Ngazi hapigi goti!"

Goti lilipotunga usaha, waimbaji sikuwaona. Mguu ulipokatwa juu ya goti, sikuwaona pia. Mashuka niliyafua mimi.

Mwaka huu wakaibuka, fulana mpya vifuani, wanataka kumchora kwenye ukuta wa uwanja. Kaka alikubali haraka mno.

"Nichoreni nilivyo," akawaambia. "Na magongo yangu, na kigutu hiki."

Mwenyekiti wao akacheka. "Mzee Ngazi, shujaa hachorwi kilema. Tunakuchora unaruka. Vijana wanahitaji mfano."

"Ndiyo maana nasema hivyo."

Nilijua anamwaza nani. Binti yake anachezea timu ya wanawake ya klabu ileile, chini ya kocha yuleyule, na goti lake la kulia lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Wakamchora anaruka, na miguu miwili minene ambayo hakuwahi kuwa nayo. Chini wakaandika HAPIGI GOTI. Kaka akaitazama picha, akaniambia, "Hawajadanganya. Nitalipigaje, na walishalizika?" Tulicheka mpaka nikaona machozi yake si ya kicheko.

Asubuhi ya fainali, binti alikuwa sebuleni akifunga kamba za viatu.

"Kocha kasema sindano moja tu, Baba."

"Na mimi aliniambia moja."

"Wewe uko ukutani. Mimi nikakae benchi, chini ya picha yako? Watanionaje?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi, aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, na bado hasikilizwi.

Kaka akaegemeza magongo ukutani. Akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akajishusha taratibu, mpaka goti lake lililobaki likagusa sakafu.

"Nakupigia goti, mwanangu. Usikubali kudungwa."

Binti akalia. Akatazama nje, ambako gari la timu lilikuwa likimsubiri. "Inuka, Baba. Watu watakuona."

Alimshika kwapa moja, mimi nikashika la pili, tukamkalisha kwenye kochi. Akambusu kichwani, akachukua begi lake, akatoka akichechemea. Nilimchukia wakati ule, Mungu anisamehe, kisha nikawachukia wale waliokuwa wakimshangilia garini.

Mchana kelele za uwanjani zikatufikia dirishani. Wimbo ulikuwa uleule, ila sasa jina lililoimbwa lilikuwa la binti.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akaniuliza, "yale mashuka uliyokuwa ukinifulia bado unayo?"