Sahihi ya Somo Yangu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usingizi kuwa pumziko na kuamka kuwa neema. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanausoma msahafu bila miwani, na hata kwa ndoto hii, ingawa ilinitoa machozi.

Usiku ule nililala na udhu, karatasi ya hotuba ikiwa chini ya mto. Asubuhi wageni walikuwa waje kijijini kutazama jinsi kamati yetu ya amani inavyotimiza ahadi walizowekeana mataifa, kwamba wanawake nao wakae penye mazungumzo ya amani na wasikilizwe. Mwenyekiti alikuwa ameniandikia maneno ya shukrani. Mwenyekiti huyo nilimfundisha Kurani mimi mwenyewe, tangu alifu. "Mama Ustadha, wewe soma tu," aliniambia. "Nyinyi kina mama ndio fahari ya kamati."

Nikaota niko sokoni, jua la saa nne, na Zuhura anauza bamia mahali pake pa siku zote. Mimi pia naitwa Zuhura, ndiyo maana tukaitana somo tangu usichana. Sikukumbuka kwamba amekufa. Niliona tu kanga yake imelowa, inachuruzika.

"Somo, umechelewa," akasema. "Wenzetu wa maziwa wameshaanza kupita."

Wenzetu wa maziwa ni wanawake wa wafugaji wa ng'ambo ya mto. Walipotuuzia maziwa walituachia vibuyu vyao majumbani, wakavifuata siku ya pili. Sasa nawaona wanapita nyumba kwa nyumba wakichukua vibuyu vyote, hata vyenye maziwa. Wanayamwaga mchangani na kuondoka. Hawatutazami usoni. Mmoja anabisha mlangoni kwangu. Nyumba imefungwa, maana niko hapa sokoni, na sauti yangu haitoki. Anangoja kidogo, kisha anakwenda zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli mwaka ule aliokufa somo yangu, ila mimi nilikuwa madrasa.

Nageuka, na soko limekuwa ofisi ya kamati. Wanaume wamekaa kwenye viti, sisi wawili kwenye benchi la mlangoni, karibu na chupa ya chai. Somo yangu amesimama.

"Wamechukua vibuyu vyote. Wanajua jambo watakalolifanya waume zao. Askari waitwe leo, na watu wa ukingoni mwa mto wahamie shuleni."

"Bi Zuhura," anasema mwenyekiti, "nimwandikie mkuu wa wilaya habari za vibuyu? Si ataniuliza vina ukubwa gani!"

Wanacheka. "Jamani, chai huku imepoa," anaongeza mwingine, na wanacheka tena.

Somo yangu ananitazama mimi. Nusu ya wanaume wale wamepita mikononi mwangu madrasa, wangenisikiliza. Nami naangalia sakafu. Siku zile hali hiyo nilikuwa nikiiita subira.

Muhtasari uliandikwa kwamba hali ni shwari. Somo yangu alikataa kutia sahihi, akatoka. Mwenyekiti akaniletea daftari. "Mama, nafasi za wanawake ni mbili, na mkataba wa mataifa unataka zote zionekane. Jina lenu ni moja. Tia hapa, na hapa." Nikaandika Zuhura. Chini yake nikaandika Zuhura.

Siku ya tatu nyumba za ukingoni zilichomwa, na somo yangu akafa maji akiwavusha watoto wa jirani.

Lakini katika ndoto ameketi kando yangu kwenye benchi. Maji yanamtiririka hadi chini. Analifungua daftari na kuliweka mapajani mwangu.

"Nionyeshe mahali nilipoandika mimi."

Kidole changu hakiendi popote.

"Wao walinicheka, sikushangaa," anasema polepole. "Lakini hii si sahihi yao, somo."

Nasema nisamehe. Ananipa kibuyu kitupu, kinanukia moshi waliokifukizia.

"Kesho usiwashukuru wageni kwa jina langu. Waambie nilisema nini, na nani alinyamaza. Kisha wavuke mto wawaulize wale wanawake."

Nikanyoosha mkono kumshika, nikashika maji. Nikaamka. Mwadhini alikuwa akiadhini alfajiri, na mashavu yangu yamelowa.

Niliswali, nikamwombea. Kisha nikaenda nyuma ya mlango wa jikoni, kilipotundikwa kibuyu ambacho mwenyewe alikifuata, akabisha asifunguliwe. Miaka yote ile sikuwahi kukigusa. Nikakifuta vumbi, nikakifunga kwenye kanga safi.

Jua lilipopanda, mwenyekiti alikuja mlangoni amevaa koti jipya. "Mama Ustadha, wageni wako njiani. Karatasi unayo?"

"Ninayo, mwanangu. Nawe lete daftari la mwaka ule."

"Daftari la nini tena, Mama?"

"Kuna sahihi moja humo nitaifuta mbele yao."

Nawe uliyeisoma ndoto hii, Mungu akupe watu wa kukusikiliza ungali hai, auongoze ulimi wako siku mwenzako atakapokutazama, na akulaze na kukuamsha katika amani. Amina.