Mbegu Iliyovuka Malagarasi

Katika nyumba zote za Katumba zilizopakana na njia ya kisimani, ni nyumba ya Odeta peke yake ambayo wageni waliingia wakishusha sauti. Hapakuwa na mgonjwa ndani. Kulikuwa na kibuyu.

Kwa macho kilikuwa kibuyu cha kawaida tu: tumbo kubwa, shingo nyembamba, rangi ya udongo uliopigwa moshi miaka mingi. Kilikaa pembeni mwa chumba cha ndani, juu ya ngata ya nyasi, mahali ambapo jua halifiki. Humo ndimo Odeta alimogandishia maziwa. Mabichi yaliingia jioni, yakakutana na yale machache yaliyoachwa chini, yakalala pamoja, na yalipoamka yalikuwa mazito, yenye uchachu unaokuja polepole ulimini halafu hautaki kuondoka. Yale machache ya chini ndiyo mbegu. Unakunywa, unabakiza, unaongezea. Sasa ukiuliza mbegu ya leo ilitoka wapi, utaambiwa ilitoka kwenye maziwa ya juzi. Na ya juzi? Ya wiki iliyopita. Ukizidi kurudi nyuma hivyo hivyo unaondoka Katumba, unapita mapori yote, unavuka mto Malagarasi, unafika Burundi mwaka wa sabini na mbili, kwenye mikono ya mama yake Odeta.

Mwaka ule Odeta alikuwa msichana wa kuanza kuchumbiwa. Watu walipoanza kuuawa huko vilimani, mama yake alimfungia mgongoni mdogo wake, Siméon, akamtwika kibuyu kichwani na maziwa yakiwa ndani, akasema, "Tangulieni na majirani. Mimi namrudia bibi yenu. Nitawakuta mtoni."

Mtoni hakuwakuta. Ng'ambo ya mto hakuwakuta. Walipofikishwa Katumba, huku Tanzania, na kila ukoo ukapewa kipande chake cha pori ukate miti ulime, alikuwa hajawakuta bado.

Odeta alikua, akaolewa, akamzaa Aristide. Mume wake Polycarpe alipofariki kwa malale alimlilia, akanyoa nywele, matanga yakaisha, akarudi shambani kama wajane wengine. Lakini mama yake hakumlilia hata mara moja. Angemliliaje mtu aliye njiani? Na mwaka wa tisini na tatu, watu walipofunga mizigo kwa furaha kurudi kwao Burundi, yeye alibaki akiwaangalia tu. "Nikiondoka, akifika hapa atamkuta nani?" alisema. Haukupita muda wengi wao wakarudi mbio, vita vimewaka tena, na hakuna aliyemcheka.

Maziwa aliyapata kwa Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe upande wa pili wa bonde, akimlipa kwa mihogo. Manyanda alipenda utani.

"Wewe mama wa Kirundi, maziwa ni haya haya ninayokunywa mimi. Mbona yakiingia kwako yanakuwa mengine? Unaweka nini humo?"

"Ninamweka mama yangu."

Manyanda alicheka mpaka kofia ikataka kuanguka. Kisha akaona mwenzake hacheki, akamwongezea maziwa kidogo bila kuombwa.

Kweli alikuwemo. Mchana, watu wakiwa shambani na kuku wamejilaza kivulini, Odeta alikisikia kibuyu kikisukwa. Chubwi... chubwi... Polepole, kama mama yake alivyokuwa akikiyumbisha pajani. Akisogea, kimya. Akirudi jikoni, chubwi.

"Ni gesi hiyo, mama," Aristide alimwambia. "Maziwa yakichacha yanatoa hewa."

"Hewa inajua kusuka?"



Mwaka wa tisini na nne Aristide akaoa. Mke wake, Skolastika, alitoka Inyonga, Mkonongo, binti wa warina asali, mcheshi, hawezi kuona kitu kichafu akalala. Odeta alimpenda siku ile ile. Alimfundisha kukaa chini kabla ya kunywa maziwa, kwa kuwa kuyanywa umesimama ni mwiko. Alimwonyesha kibuyu.

"Hiki, mwanangu, sabuni isikiguse. Wala usikitoe juani."

"Sawa, mama. Sabuni hapana, jua hapana."

Hakumwambia zaidi. Mambo ya mtu aliye njiani utaanzaje kumwambia bibi harusi?

Masika yalipokwisha, ujumbe ukaja kutoka Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi alikohamia Siméon, kwamba anaumwa. Odeta akadandia lori la mahindi, akamkuta mdogo wake amekonda ila anaongea. Siku hizo Siméon alikuwa katekista, na ugonjwa ulikuwa umemtia haraka.

"Dada, tumfanyie mama matanga. Nisife sijamlilia mama yangu."

"Nani kakwambia amekufa?"

"Dada!"

"Mtu anayegandisha maziwa nyumbani kwangu kila siku hafanyiwi matanga, Siméon. Kunywa uji wako."

Siméon akageukia ukutani. Alivushwa akiwa mgongoni. Hakumkumbuka mama yake hata kwa sura. Odeta alimuuguza mpaka akaweza kusimama mwenyewe, kisha akapanda lori kurudi.

Skolastika alimpokea mzigo njiani, uso unawaka.

"Mama, njoo uone!"

Kibuyu kilikuwa mahali pake, juu ya ngata mpya. Kilikuwa cheupe. Si cheupe kabisa, lakini ule weusi wa miaka ulikuwa umetoka, na mwili wake unang'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta.

"Sabuni sijatia, mama. Na nje sijakitoa. Nimefanya kama tunavyofanya vibuyu vya asali kwetu: maji ya moto yanayotokota, unatia changarawe, unatikisa, unamwaga, unarudia mpaka kisinuke kitu. Kilikuwa na utando humo ndani, we! Nimetoa wote."

Odeta akapiga magoti, akatia pua kwenye shingo ya kibuyu. Hakuna harufu. Alivuta tena. Palinuka kama jiwe.

"Yale ya chini uliyamwaga wapi?"

Hapo ndipo Skolastika alipoona kuna jambo. "Kwenye shina la mgomba, mama. Nyuma. Nimekosea nini?"

Odeta alikuwa ameshatoka. Chini ya mgomba palikuwa na vipande vyeupe vimekauka, sisimizi wamevizunguka. Akavichota kwa kijiko, udongo na wadudu pamoja, akavitia ndani ya maziwa mabichi ya Manyanda, akafunika. Aristide alitazama toka mlangoni. Skolastika alilia jikoni, kwa sababu mumewe alikuwa amemweleza.

Kesho yake nyumba nzima ilinuka. Odeta alifunua. Maji ya kijani juu, mabonge chini, na inzi.

"Mama," Aristide alisema, "yameoza."

"Naona."

Alikaa pale chini mchana kutwa akisikiliza. Kuku walijilaza. Upepo ulipita kwenye bati la jirani. Kibuyu hakikusema kitu. Katika miaka yote ile, hata usiku ule wa kuvuka mto, Odeta hakuwahi kuwa peke yake namna ile, na ngozi ya mikono ilimsisimka kama mtu anayetazamwa, wakati kumbe ilikuwa kinyume chake: hapakuwa na wa kumtazama.

Jioni Skolastika aliingia kwa magoti.

"Mama, nirudishe kwetu. Nimemuua."

Odeta alimshika bega. "Wewe hukumuua," alisema. "Inuka. Mwambie Aristide ampelekee mjomba wake habari. Aje tumlilie mama."

Siméon alikuja na fimbo, bado mdhaifu. Walikaa nyuma ya nyumba, kuuzunguka mgomba, kwa sababu Odeta alisema ni hapo, na hakuna aliyempinga. Mtu wao hakuwa na kaburi popote duniani. Sasa palikuwa na udongo ulioloa kitu chake. Manyanda naye alikuja na mkewe, akavua kofia. Skolastika alimnyoa mama mkwe wake nywele, na nywele zikaachwa pale shinani. Siméon akaongoza sala. Pombe ya ndizi ikamiminwa kidogo chini, ikanywewa.

Kisha Siméon akasema, "Dada, mimi sina kitu chake hata kimoja. Niambie alikuwaje."

Odeta akaanza. Alikuwa mrefu. Alikuwa na pengo, huku upande wa kushoto. Aliogopa radi kuliko watoto wake. Alichokisema kilileta kingine, watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena.

"Na sauti?" Siméon aliuliza. "Sauti yake ilikuwaje?"

Odeta alifungua mdomo aeleze. Kilichotoka kooni mwake kilikuwa mwito mrefu, mwembamba, unaopanda mwishoni, wa mwanamke anayemwita mtoto kutoka kilima hadi kilima.

"Gatoyi weee!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akiita hivyo, wala hakuna pale aliyejua Gatoyi, yaani kadogo kwa Kirundi, lilikuwa jina la nani. Skolastika alimshika mumewe mkono. Mke wa Manyanda aligeuka kutazama nyuma yake. Odeta mwenyewe aliuziba mdomo kwa viganja, macho yamemtoka, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeita.

Siméon, mtu mzima, katekista, alikuwa ameshasimama bila fimbo.

"Naam, mama," aliitika. "Niko huku."