Feni ya Bafuni Kule Nyansiongo

Tajiri wangu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Kisii, muuzaji wa taa, nyaya na betri. Asubuhi moja aliniambia kwamba feni ya bafuni imekufa katika nyumba ya mzungu mmoja kule Nyansiongo, na mimi ndiye nitakayekwenda kuitazama. "Wewe ndiye mwenye cheti," alisema, kana kwamba hilo lingeifufua feni.

Ni kweli nilikuwa na cheti, nimetoka nacho chuo cha ufundi muda si mrefu. Lakini feni ya bafuni nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Nilipanda lori hadi Keroka nikiwa juu ya magunia, na sehemu iliyobaki nikaenda kwa miguu, mfuko wa vifaa ukinikata bega. Njia nzima nilikuwa nikitengeneza kichwani feni ambayo sijaiona. Nilipoliona lango la shamba tayari nilikuwa nimeiharibu mara kadhaa, na nimechoka kama mtu aliyekwisha kufanya kazi.

Aliyenifungulia mlango wa jikoni, amevaa kanzu nyeupe ya kazi, alikuwa baba yangu mdogo. Nilijua anafanya kazi kwa wazungu upande huo, lakini nyumba gani, sikujua.

"Bwakire, tata," nilimwamkia kwa Kigusii, yaani baba.

"Bwakire buya, mwanangu. Kumbe ni wewe umeletwa kunifukuza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwa sauti ya chini, akifuta sahani ambayo ilikuwa kavu. Alikuwa ametoa utando wa buibui bafuni kwa fagio la mpini mrefu, na kesho yake feni ikakataa kuzunguka. Memsaab, mke wa huyo mzungu, alisema yeye ndiye aliyeuvuta waya wa feni. Akaahidi kwamba fundi akija na kuthibitisha hivyo, mzee aende zake.

"Na mimi nikienda," alisema, "nyumba inabaki hapa, ni ya shamba. Mahindi yanabaki. Mama yako mdogo nitampeleka wapi?"

"Tata, uliuvuta?"

"Fagio liligusa. Kugusa na kuvuta, nani atajua tofauti? Wewe ndiye utajua."

Ningefurahi kama asingeyasema maneno hayo. Nikiupata ubovu, huenda ukawa wake. Nisipoupata, memsaab ataamini alichoamini tangu mwanzo, na tajiri wangu atatafuta mwenye cheti mwingine. Tena memsaab hakujua kwamba sisi ni ndugu. Nimwambie? Nikimwambia, neno langu halitakuwa na uzito. Nisipomwambia na akagundua baadaye, itakuwa mbaya zaidi. Nilinyamaza, nikijiambia kwamba bado nafikiri.

Memsaab alinionyesha bafu mwenyewe. Niliomba kuitoa fyuzi kwanza. Akasema fyuzi ziko chumbani kwake na fundi haingii huko, nitumie swichi. Swichi ya feni ilikuwa nje, kwenye ukuta wa ukumbi. Basi ilibidi mtu asimame pale, awashe na kuzima, nami nikiwa ndani juu ya ngazi. Mtu huyo alikuwa baba yangu mdogo.

Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima zinazowatenga baba na mwana katika mambo ya mwili. Baba hakai na mwanawe mahali watu wanapovua nguo, wala hawatazami pamoja vitu vya aibu. Baba mdogo ni baba. Na kwenye kamba iliyopita juu ya hodhi la kuogea zilikuwa zimeanikwa nguo za ndani za memsaab, nyingi, za rangi ya waridi. Yeye kila siku aliingia peke yake akazipita. Mimi pia peke yangu ningezipita. Wawili pamoja, haiwezekani. Aliurudisha mlango, ukabaki mwanya wa kupitisha sauti tu.

Halafu, mtoto atamwamuruje baba yake, washa, zima, washa?

"Tata," niliita, "kama si taabu, mkono ukiiwasha hiyo swichi..."

"Imewaka. Usiniombe kama unaniomba ng'ombe wa mahari. Sema tu."

"Sawa, tata. Sasa kama si taabu..."

Nilimsikia akiguna.

Taa ya bafuni ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme ulifika chumbani. Nilikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili ya kupimia. Niliigusisha kwenye skrubu mbili za feni, swichi ikiwa imewashwa. Giza. Nikaacha ncha moja kwenye skrubu ya waya wa kupeleka umeme, ile nyingine nikaipeleka kwenye waya wa kurudi wa taa. Balbu ikawaka. Basi waya wa kupeleka umeme ulikuwa mzima, ule uliopita ukutani, ambao fagio liliugusa. Uliokatika ni wa kurudi, na huo ulipanda moja kwa moja juu ya dari, mahali fagio halifiki.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilipima tena, na tena. Nani ajuaye kama balbu yangu haidanganyi? Mwishowe niliomba swichi izimwe, nikaanza kuzifungua nyaya za feni.

Huko ukumbini memsaab alipita, akaona swichi imezimwa, akataka kujua kama feni imepona. Akaiwasha. Baba yangu mdogo alikuwa amesimama karibu, lakini mtumishi hamshiki memsaab mkono. Nilisikia "Mwanangu!" na mkono wangu ukapigwa na umeme hadi begani. Ngazi ilikwenda upande wake, mimi nikaenda wangu, nikaangukia hodhini na kamba yote ya nguo ikanifuata.

Mlango ulifunguka. Mzee aliingia bila kungoja kitu, akanishika kwapani, akaniinua kutoka kwenye hodhi kama nilivyoinuliwa nilipokuwa mdogo, huku akiniondolea kichwani nguo ya rangi ya waridi. Tulipotambua tunachokitazama, kila mmoja aliangalia ukuta wake.

"Wewe najua huyu mzee?" Memsaab alikuwa mlangoni, uso umemwiva.

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote nimeyapanga. Yalipotea.

"Ni baba yangu, memsaab."

"Baba yako. Sasa mimi taamini wewe namna gani?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa tangu jikoni, na sikuwa na nguvu tena za kuliogopa. Nilisimamisha ngazi chini ya mlango mdogo wa dari, nikamwomba apande aone mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Akachukua tochi, akapanda.

Alizungusha tochi huko juu kitambo. Alipotuita, nami nikapanda nyuma yake, niliona ubao wote umekuwa mweusi kwa unyevu. Bomba la feni halikutoka nje ya nyumba. Liliishia hapo hapo juu ya dari, na mvuke wa kila siku ulimwagwa juu ya kiungio cha nyaya. Kiungio chenyewe kilikuwa kimesokotwa kwa mkono na kufungwa kitambaa. Nilipokigusa kilikatika, kijani kitupu kwa kutu.

"Hii kazi nafanya bwana mwenyewe," memsaab alisema polepole.

Nilitoa koleo mfukoni.

Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga upya mbali na bomba, nikasema bomba lenyewe linahitaji kufikishwa nje. Atamwambia bwana, alisema. Feni ilizunguka. Memsaab aliisikiliza, akamgeukia mzee, akamwambia maji ya kuoga yawe tayari jioni. Hayo tu.

Nje, karibu na pipa la maji ya moto, baba yangu mdogo alikuwa akipasua kuni.

"Kwa hiyo bwana ndiye aliyeharibu," alisema.

"Ndiye, tata."

"Lakini yeye hafukuzwi."

Tulicheka, kidogo, kisha ikaisha. Aliniambia ya bafuni hatukuyaona, nikakubali. Halafu akaketi juu ya gogo.

"Unajua, mwanangu, usiku ule aliposema nitaondoka, niliogopa mpaka nikachoka kuogopa. Nikalala. Miaka mingi sijalala hivyo."

Nilitaka kumuuliza kama nilimtendea mema kumbakiza hapa, lakini alikwisha kuinuka. Aliingiza kuni chini ya pipa, akainama kuupuliza moto.