Ukoo Uliopandia Gari Anderlecht

Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingine sikumbuki hata niliusemea nini. Ila ule wa Marseille naukumbuka neno kwa neno, maana niliutunga mwenyewe, nikawafundisha watu, nikaupakia kwenye gari, kisha nikauharibu kwa mdomo wangu huu huu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa dereva ubalozini, nasi tukikaa Ganshoren, mtaa mkimya mpaka ukikaanga vitunguu jirani anajua. Jumatano nilikuwa natoroka kwenda Anderlecht kwa shoga yangu, mwanamke wa Bujumbura aliyefanya usafi katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuja Ubelgiji na binti mmoja na begi moja. Mumewe aliuawa vitani. Ndugu zake walitawanyika, na wengine hakujua kama wako hai. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimuuliza habari alisema nzuri, akakukaribisha chai.

Sasa Jumatano hiyo namkuta jikoni, chapati inaungua kwenye chuma, naye anaiangalia tu. Binti yake alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kingazija, fundi wa magari huko Marseille, mpole na mwenye kazi yake. Sote tulikuwa tumeshafurahi. Kumbe asubuhi ile nyanya wa kijana alikuwa amepiga simu. Alisema hana ubaya na binti, lakini kabla ya posa kupokewa anataka wakubwa wa binti waje Marseille, wakae naye chini, awaone kwa macho. Kwao, alisema, haolewi mtu asiye na watu.

"Bon, nitaenda peke yangu," shoga yangu akaniambia. "Nitakaa kwa kiti, wataniuliza bantu yako wako wapi. Nitasema nini, dada? Sina hata muntu moja. Mutoto wangu watamuona ni kitu ya kuokota."

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na hasira yangu haipigi hodi. Nikaipua ile chapati, nikazima jiko, nikamwambia asinililie. Binti ana shangazi.

"Shangazi gani?"

"Si huyu hapa unayemtazama."

Alicheka kidogo, akadhani natania. Kufika Ijumaa nilikuwa nimeshampatia binti baba mdogo, mjomba na mama mkubwa. Mjomba alikuwa mzee mmoja wa Kikongo, sote tukimwita tonton, mwenye gari la abiria wanane, aliyekuwa akisomba bidhaa za maduka ya mtaa wa Chaussée de Wavre. Mama mkubwa alikuwa muuguzi kutoka Mombasa, mnene, mwenye sauti ya kuswalisha. Mabibi wawili wa Kirundi tukawapa ubinamu. Nikanunua kitenge cha aina moja, nikakikata, tukashona sare. Ukoo ukapatikana, na ukoo wenyewe umependeza.

Tatizo lilikuwa baba mdogo. Nilimchukua Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa akifanya kazi ghalani pale pale Anderlecht, kwa sababu alikuwa na mvi za heshima na koti zuri. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo analijua kila aliyekulia kwetu. Miaka yote ya Brussels mimi na yeye hatukuwahi kusalimiana kwa adabu. Mimi namwita mpagazi, kwa ajili ya babu zake waliobeba pembe kutoka bara mpaka pwani. Yeye ananiambia Wazaramo hatujui kazi, tunajua ngoma ya mdundiko na kuachika. Akinikuta nakula anachukua nyama sahanini mwangu bila kuomba, nami nikipita kwake naondoka na mwavuli wake. Ndiyo utani ulivyo, na mtani hakasiriki.

Nikamkalisha nikampa kazi yake. Mimi na yeye ni ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa Ujiji, wadogo wa marehemu baba wa binti. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Yaani mama yangu mzazi," akasema, "pamoja na mateso yote aliyopata, leo unamzalisha Mzaramo."

Nikamwapisha kuwa mpaka turudi Brussels utani tumeuweka kabatini. Akaapa, nami nikaapa.

Tuliondoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri. Shoga yangu alikaa mbele na mkoba mapajani, binti nyuma katikati yetu. Njia nzima nilikuwa nawatahini. Babu wa binti aliitwa nani, alizikwa wapi, nani alimfuata nani kuzaliwa. Mama mkubwa alikuwa hodari, hata akaongeza shamba la michikichi ambalo sikumpa. Tonton ndiye aliyenitoa jasho. Kila tukisimama kutia mafuta alikuwa akinigeukia na kuuliza kwa upole, "Pardon, maman, mimi ni nani tena?"

Tukafika jioni, tukalazwa kwa majirani wa bwana harusi, na asubuhi tonton akasema hatuwezi kuja Marseille tusione bandari. Tukashuka. Upepo wa pale haubembelezi, ulitushika vilemba tukawa tunatembea mkono kichwani. Gatini palikuwa na foleni ya magari yanayongoja meli ya kwenda Algiers, na juu ya kila gari pamefungwa magodoro, baiskeli, majokofu, mabeseni, mpaka magari yamekaa chini kwa uzito. Watu wametandika mikeka kando ya matairi, wanakunywa chai. Mama mmoja wa Kialjeria alipotuona tumevaa sare alituita, akatugawia mkate na mayai ya kuchemsha, akauliza kwa Kifaransa kama nasi tunavuka. Nikamwambia hapana, sisi tumekuja kuoza. Akatuombea dua ndefu.

Shoga yangu hakula. Alisimama anatazama yale magari.

"Donc hawa wote," akasema, "kule ngambo kuko muntu anawangojea."

Nikamshika mkono tukapanda mlima kwenda kwa nyanya wa bwana harusi. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mimi nilikuwa naogopa kuliko nilivyomwonyesha.

Bibi yule alikuwa mdogo wa umbo, amejitanda shiromani, nguo yao ya Kingazija, na miwani kwenye ncha ya pua. Tulimwamkia shikamoo tukidhani ataitikia kwa Kifaransa. Akaitikia marahaba, tena kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Kumbe alizaliwa kule, akaondoka baada ya mapinduzi, akakaa Moroni, kisha meli ikamleta Marseille na watoto. Nilikuwa nimeutunga uongo wangu kwa mtu atakayehitaji mkalimani.

Lakini tulikwenda vizuri, sitajinyima sifa. Aliuliza, tukajibu. Nilimweleza marehemu kaka yangu alivyokuwa mcheshi, mpaka mwenyewe nikasikia uchungu. Mtani wangu aliinamisha mvi zake akasema mimi ndimi mdogo wake wa mwisho, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama mkubwa akaleta michikichi yake. Tonton alikumbuka yeye ni nani. Bwana harusi alikaa karibu na mlango, anamtazama binti, na binti anatazama zulia. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza kahawa.

Ikaja na sinia: mkate wa sinia, visheti, halua. Nikawekewa kisahani changu. Nimekata kipande cha halua, sijakifikisha mdomoni, mkono wa Mnyamwezi ukapita mbele yangu ukakichukua. Hakuwaza. Miaka yote alikuwa akifanya hivyo, mkono ulikwenda wenyewe. Na mimi sikuwaza.

"Tua mzigo kwanza, mpagazi," nikamwambia, "ndiyo ule."

"Namwokoa Mzaramo," akajibu, kinywa kimejaa. "Akishiba ataanza mdundiko kwenye nyumba ya watu."

Tukacheka wawili. Tulikuwa wawili tu.

Bibi aliweka kikombe chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shiromani, akaivaa tena, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nimekulia Ng'ambo, mjini Unguja," akasema. "Kulia kwetu Wazaramo, kushoto Wanyamwezi. Kila msiba walikuwa wakitukanana juu ya maiti mpaka tunacheka. Hao ni watani. Nifahamisheni basi, watani wametokaje tumbo moja?"

Shoga yangu alijifunika uso kwa kitambaa. Binti akainuka nusu, akakaa. Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena, maana mtu akiniaibisha mimi nitamjibu, lakini hapa nilikuwa nimemwaibisha mtoto wa mwenzangu mbele ya wakwe. Kisha, kama kawaida yangu, aibu ikageuka hasira, nami nikasimama.

"Bibi, ni uongo," nikasema. "Mimi ni wa Kisarawe, huyu wa Tabora, mama mkubwa ni wa Mombasa, na huyo mjomba ni dereva. Uongo ni wangu, mama yake binti hana kosa. Watu wake mimi siwezi kukuletea, wengine waliuawa, waliobaki wametawanyika. Ulitaka wakubwa wa binti, nikatazama Brussels nzima nikaona ni sisi. Huyu mama nilipojifungua alilala kwangu siku arobaini. Mnyamwezi alipovunjika mguu binti huyu ndiye aliyemvisha soksi. Kama hao si watu, basi utuambie watu wanafananaje, tukatafute."

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia tonton. "Na wewe mjomba unasemaje?"

"Mimi ni dereva, maman," tonton akasema. "Lakini mutoto huyu, alors, kama iko lazima, mimi ni mjomba."

Bibi akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega. "Njia ya mwongo fupi," akasema, "na nyinyi wenzangu mmeinyoosha kutoka Brussels mpaka hapa." Akajifuta macho. "Mimi nilishuka kwenye bandari hiyo hapo na watoto wanne. Hakuna aliyeningoja. Siku ile ningepata waongo sita wa kudai kuwa ni ndugu zangu, ningewabusu miguu."

Lakini hakuwa amemaliza. Uso wake ukarudi kuwa mkavu.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema. "Brussels mbali. Siku binti akilia hapa, mimi nimpigie nani simu?"

Mnyamwezi ndiye aliyesimama. Nilimjua mtu huyu mzaha mtupu, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona hana mzaha. Akasema, "Nipigie mimi," akaanza kutaja namba yake ya simu kwa Kifaransa, tarakimu mbili mbili, polepole. Bibi akamwamuru mjukuu wake alete daftari aandike. Mnyamwezi alipokaa, mama mkubwa akasimama akataja yake. Mabibi wa Kirundi wakataja, mmoja ya nyumbani na ya kazini. Tonton akataja yake, na ya shemeji yake, kwa kuwa yeye mara nyingi yuko barabarani. Nami nikataja ya Ganshoren. Kijana alikuwa anaandika kwa haraka, kalamu inamgoma, binti akamsogezea nyingine. Ukurasa ukajaa akaugeuza.

"Na mama?" bibi akauliza.

Shoga yangu alisimama. Alitaja namba yake wazi, hakukosea, na kitambaa usoni hakikuwepo tena.

Bibi akampa mjukuu wake ishara. "Soma."

"Nisome nini, koko?" kijana akamuuliza bibi yake.

"Hizo namba. Zote, kwa sauti. Uwajue watakaopanda gari siku utakayomliza mtoto wa watu."

Kijana wa watu akasimama, shati limemshika mgongoni kwa jasho, akasoma. Alisoma ya kwanza mpaka ya mwisho na hakuna aliyemkatisha. Alipomaliza, chumba chote kikamgeukia bibi kungoja neno lake, lakini hakuwahi kulisema. Shoga yangu alimtangulia. Alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kirefu, peke yake, kikavuka dirisha kikaenda zake mtaani, nasi tukawa tunamkimbilia kwa nyuma na vigelegele vyetu.